Je, Mpinzani wa Kompyuta Anastahili Kupelekewa Mjumbe?

Miongoni mwa michezo ya kompyuta inayowashughulisha vijana wengi duniani, imo ile ya mikakati inayochezwa katika ulimwengu wa njozi. Humo mchezaji hupewa mji mmoja, askari wachache na hazina ndogo, akatakiwa kuukuza mji huo uwe dola, kuchunguza nchi asiyoijua, kujifunza uchawi, kuajiri mazimwi na majoka, na hatimaye kuwashinda watawala wengine wanaotaka hayo hayo. Aghalabu watawala hao si watu. Ni programu tu, ambayo hushika zamu yake baada ya mchezaji kumaliza ya kwake, ikapiga hesabu zake kwa muda mfupi, ikasogeza majeshi yake. Swali linalobishaniwa tangu michezo hii ilipopata umbo lake katika miaka ya 1990 ni kama watawala hao wa hesabu wanafaa kuzungumza na mchezaji, yaani kupeana amani, kubadilishana siri, kuungana dhidi ya mtu wa tatu na hata kuvunja ahadi. Au kama ingekuwa heri wanyamaze na kupigana.

Kwa mtazamo wa kwanza swali hili huonekana ni la watu wenye nafasi na wasio na kazi. Si hivyo. Ndani yake mna maswali mawili ambayo sayansi imeyashughulikia kwa bidii: ahadi ni kitu gani, na je, kiumbe asiye na cha kupoteza aweza kuitoa? Hoja ya makala haya ni kwamba diplomasia si lazima katika kila mchezo wa aina hii, na kwamba katika michezo mingi iliyo nayo imewekwa kama pambo. Lakini pale mtunzi anapompa mpinzani haja iliyo tofauti na ushindi, diplomasia huwa ndiyo roho ya mchezo.

Mfano mzuri wa kuanzia ni Master of Magic, mchezo uliotungwa na Steve Barcia na wenzake wa kampuni ya Simtex ya Marekani, ukatolewa na kampuni ya MicroProse mwaka 1994. Mchezaji ni mchawi mkuu katika ulimwengu wenye pande mbili, Arcanus na Myrror, na anaweza kukabiliwa na wachawi wanne wa kompyuta. Kila mmoja wao hupewa tabia: yuko mpenda amani, yuko mfuata sheria, yuko katili, yuko mwenye wazimu. Mchezaji aweza kumfungulia mchawi mwenzake mazungumzo, akampa dhahabu, akabadilishana naye siri za uchawi, akafunga naye mkataba au muungano. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Katika mchezo huu mjumbe hata hatumwi, kwani uso wa mchawi hujitokeza kiooni na majibu yake huja papo hapo.

Tatizo ni kwamba majibu hayo mara nyingi hayana sababu iwezayo kusomeka. Mchawi aliyepewa zawadi jana anatangaza vita leo, na mchezaji hawezi kujua kama amekosea, amechokoza, au bahati nasibu tu ndiyo iliyoangukia upande mbaya. Hata hivyo, katika mchezo huo huo kuna kanuni moja ambayo kila mchezaji huielewa bila kufundishwa. Mchawi yeyote anapoanza kutoa uchawi ule mkuu uitwao Spell of Mastery, ambao ukikamilika humpa ushindi wa mchezo mzima, wachawi wote waliobaki humgeukia na kumpiga vita. Hapo hakuna anayelalamika kwamba amesalitiwa. Kila mchawi anatetea uhai wake, na mchezaji, kama angekuwa katika nafasi yao, angefanya vivyo hivyo. Usaliti huo una maana kwa sababu nyuma yake kuna haja inayoonekana.

Sasa mchezo huo na ulinganishwe na mwingine uliofuata njia tofauti kabisa. Heroes of Might and Magic III, uliotolewa mwaka 1999 na kampuni ya New World Computing iliyoasisiwa na Jon Van Caneghem, haukuweka mazungumzo yoyote baina ya mchezaji na watawala wa kompyuta. Nani ni adui na nani ni mwenzi huamuliwa na ramani kabla ya zamu ya kwanza, na hukaa hivyo hadi mwisho. Neno diplomasia limo, lakini ni jina la ujuzi ambao shujaa huweza kujifunza, na kazi yake ni kuwashawishi viumbe wanaozurura porini, wasio na mfalme, wajiunge na jeshi lake badala ya kupigana nalo. Utayari wa viumbe hao hutegemea mambo yanayoeleweka, kama vile ukubwa wa jeshi linalowaendea na kuwamo kwa wenzao wa jamii moja ndani yake. Mchezo huo unapendwa na kuchezwa hadi leo, na haukosi kitu. Mtunzi alijua kwamba mpinzani wake wa kompyuta hana la kusema, naye hakumlazimisha kusema.

Ili kufahamu kwa nini uamuzi huo ulikuwa wa busara, yafaa kurudi kwenye hesabu. Katika bao hakuna diplomasia, wala hakuna awezaye kuihitaji. Wachezaji ni wawili, kete anayoipata mmoja ni kete aliyoipoteza mwingine, na hakuna jambo lolote ambalo wote wawili wangefaidika kwa kukubaliana. Mazungumzo huanza kuwa na thamani anapoingia mtu wa tatu, kwa maana sasa wawili waweza kukubaliana dhidi ya mmoja. Ndiyo siri ya mchezo wa ubaoni uitwao Diplomacy, alioubuni Mmarekani Allan Calhamer na kuuchapisha kwa gharama zake mwenyewe mwaka 1959. Dola 7 za Ulaya ya kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza hugombea bara lile. Dado hazimo, na amri za wote huandikwa kwa siri na kufunuliwa kwa pamoja. Kwa kuwa hakuna awezaye kushinda peke yake kwa nguvu tangu mwanzo, kila mtu hulazimika kuzungumza, kuahidi na kupima ahadi za wenziwe. Tena kanuni zake zinawaruhusu walionusurika wakubaliane kumaliza mchezo kwa sare. Kibali hicho cha sare ni kitu kikubwa kuliko kinavyoonekana.

Mwanasayansi wa siasa Robert Axelrod wa Chuo Kikuu cha Michigan alionyesha sababu yake, ijapokuwa yeye hakuwa akishughulika na mazimwi. Mnamo mwaka 1980 alichapisha matokeo ya mashindano ya programu za kompyuta. Programu ziliwekwa mbili mbili, na katika kila mkondo kila moja ilichagua kushirikiana au kusaliti bila kujua mwenzake amechagua nini. Zikishirikiana zote, kila moja hupata alama 3. Zikisalitiana, kila moja hupata 1. Moja ikisaliti na nyingine ikishirikiana, msaliti hupata 5 na mwenzake hatoki na kitu. Wataalamu walileta programu 14, na ya 15 ilikuwa ikichagua kwa bahati nasibu. Mikondo ilikuwa 200. Mshindi alikuwa programu fupi kuliko zote, iliyoletwa na Anatol Rapoport wa Chuo Kikuu cha Toronto: huanza kwa kushirikiana, kisha hurudia lile lile mwenzake alilolitenda katika mkondo uliotangulia. Axelrod akaita mashindano ya pili. Zikaja programu 62 kutoka nchi 6, zilizotungwa na watu waliokwisha kuyasoma matokeo ya kwanza na kujiandaa. Programu ile ile ya Rapoport ikashinda tena.

Jambo hili limesimuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba wema hulipa. Mambo mawili, hata hivyo, husahauliwa na wasimulizi, nayo ndiyo yanayohusu michezo ya mikakati. La kwanza ni kwamba programu ya Rapoport haikumzidi alama mpinzani wake yeyote waliyekutana ana kwa ana, wala haikuweza. Mwenye kurudisha alichotendewa, upeo wake ni kutoka sare au kuachwa nyuma kidogo. Ilishinda kwa sababu mashindano yalijumlisha alama zote za mapambano yote, na yenyewe ilikuwa ikiambulia alama nyingi pamoja na wengi, huku wasaliti wakimalizana. Jambo la pili ni kwamba katika mashindano ya pili Axelrod aliuondoa mwisho uliojulikana. Urefu wa pambano ukaachiwa bahati. Alikuwa na sababu, kwani mwenye kujua kwamba mkondo wa 200 ndio wa mwisho hana la kuogopa katika mkondo huo, hivyo atasaliti. Mwenzake akijua hilo, atasaliti katika mkondo wa 199. Na hivyo kurudi nyuma, hadi uaminifu wote unapoporomoka kama ukuta uliochimbwa msingi.

Mchezo wa kawaida wa mikakati una kasoro zote mbili kwa pamoja. Mshindi ni mmoja, na mwisho unajulikana. Kushika nafasi ya pili katika Master of Magic si kushika nafasi yoyote. Ni kufa baada ya wengine. Kwa hiyo mshirika wa kompyuta aliyetungwa ili ashinde hana budi kusaliti siku moja, na swali lililobaki ni siku gani tu. Mchezaji naye anajua hivyo. Mkataba wao ni mapumziko ya kunoa panga.

Hapo ndipo mtunzi anapojikuta njia panda. Akimtunga mpinzani mwenye nia ya kushinda kwa dhati, mpinzani huyo atamgeuka mchezaji kila mara mchezaji anapokaribia ushindi, hata kama wamekuwa marafiki tangu zamu ya kwanza, na mchezaji ataona kwamba uaminifu wake wote ulikuwa bure. Akimtunga mpinzani anayetunza urafiki kwa vyovyote, mchezaji atagundua upesi kwamba amepata jirani mpumbavu wa kukamuliwa: ataacha mpaka wake bila ulinzi, atamnunua kwa zawadi ndogo ndogo, na kummeza mwisho. Kwa kawaida watunzi hujaribu kupita katikati kwa njia ya hesabu ya mtazamo. Kila mtawala wa kompyuta hutunza namba inayosema anampenda mchezaji kiasi gani. Kwa mfano wa kubuni, zawadi ya dhahabu huongeza 5, mpaka unaogusana hupunguza 3, kumpiga rafiki yake hupunguza 10. Namba ikishuka chini ya kiwango fulani, vita. Katika Civilization IV, mchezo wa kihistoria wa mwaka 2005 ulioongozwa na Soren Johnson, hesabu hiyo iliwekwa wazi: mchezaji huona sababu moja moja na uzito wake. Mchezo wa kinjozi wa Fall from Heaven, uliojengwa juu ya msingi huo na watu wa kujitolea wakiongozwa na Derek Paxton, uliurithi uwazi huo na kuongeza ndani yake mivutano ya dini, ya wema na ya uovu.

Uwazi ni hatua kubwa mbele, kwa kuwa ulimi wa mpinzani ukisomeka waweza kujibiwa. Lakini una bei yake. Mchezaji anayeiona namba haongei tena na mfalme, anajaza kibaba. Anatoa zawadi hadi namba ifike 8, kisha anaendelea na shughuli zake. Anachokizoea humo, zamu baada ya zamu, ni kwamba imani ya mtu ni kiasi cha malipo. Kijana acheze atakavyo, na hakuna haja ya kumtisha kwamba mchezo utamharibu. Ila mwalimu mwenye wanafunzi wanaocheza afahamu kwamba humo kuna somo, na kwamba somo lenyewe ni la uongo.

Michezo ya kinjozi ina njia ya kutoka katika mtego huu ambayo michezo ya historia haina, na inashangaza kwamba watunzi wachache wameitumia. Katika historia watawala wote ni binadamu, na mtunzi huona haya kusema kwamba watu fulani kwa asili yao hawawezi kuahidi, jambo ambalo kwa kweli ni tusi. Katika njozi mtunzi ndiye muumbaji. Aweza kuumba taifa linalotaka msitu tu na lisilojali nani anatawala nyika. Aweza kuumba watu wanaohifadhi makaburi ya kale, ambao mtu akiyaheshimu hatapigwa nao kamwe, hata akiwa karibu kushinda. Aweza vilevile kuumba wasioweza kuzungumza kabisa.

Mchezo wa Endless Legend, uliotolewa mwaka 2014 na kampuni ya Amplitude ya Paris, ulisogea mbali katika njia hiyo. Taifa la viumbe mfano wa wadudu, liitwalo Necrophages, haliwezi kufunga mkataba wa amani wala muungano. Linakula, na aliwaye hana cha kulipa. Watu wa Roving Clans, ambao ni wafanyabiashara wahamaji, hawawezi kutangaza vita, kwani vita ni hasara sokoni. Tena katika mchezo huo kila tendo la kidiplomasia hugharimu kitu kinachokusanywa kwa taabu, yaani ushawishi, hivyo kusema na jirani si bure. Mchezaji aliyepakana na wahamaji wale na aliyepakana na wala-maiti wana matatizo mawili tofauti kabisa, na kila mmoja anajua tatizo lake bila kuona namba yoyote. Ukimya wa Necrophages ni taarifa kamili. Unamwambia jirani yao ajenge kuta leo, wala asitume zawadi.

Yapo mambo ambayo hata Endless Legend haukuyafikia, lakini mwelekeo ni sahihi. Kabla ya kuandika neno moja la mazungumzo, mtunzi ajiulize kiumbe huyu anataka nini ambacho aweza kukipata huku mchezaji naye akishinda. Jibu likipatikana, patakuwa na jambo la kuzungumza mpaka mwisho. Likikosekana, na afanye kama alivyofanya Van Caneghem, auache ulimi wa mpinzani na kuutengeneza upanga wake vizuri. Mchezo usio na diplomasia na wenye vita vizuri ni mchezo mwaminifu.

Watakuwapo wasemao kwamba shida hii yote ilikuwa ya zamani, kompyuta zilipokuwa bubu, na kwamba sasa zimefundishwa kusema. Mwezi Novemba 2022 watafiti wa kampuni ya Meta walitangaza katika jarida la Science programu iitwayo Cicero, iliyocheza mchezo wa Calhamer kwa kuandikiana ujumbe na wachezaji watu. Ilifundishwa kwa mazungumzo ya michezo zaidi ya 40,000 iliyochezwa zamani na binadamu. Katika michezo 40 ilipata wastani wa alama unaozidi maradufu ule wa watu iliocheza nao, na ikawa katika asilimia 10 ya juu ya waliocheza zaidi ya mchezo mmoja. Ni kazi ya kustaajabisha, na atakayeipuuza atakuwa hajaielewa.

Lakini na itazamwe jinsi inavyofanya kazi. Sehemu moja ya programu hukadiria hatua za wote na kupanga hatua zake yenyewe. Sehemu nyingine, ile ya lugha, hutunga ujumbe unaolingana na mpango huo. Watafiti walikusudia iwe mkweli, maana ujumbe ulifungwa kwenye nia. Nia, hata hivyo, iliweza kubadilika baada ya ujumbe kutumwa, na lililoahidiwa asubuhi halikuwa na nguvu yoyote juu ya hesabu ya jioni. Mwaka 2024 Peter Park na wenzake, wakiandika katika jarida la Patterns, waliitaja Cicero miongoni mwa mifano ya kompyuta zilizojifunza kudanganya. Wabishi watasema mchezo wenyewe ni wa kudanganyana, nao wana haki. Hata hivyo ubishi huo unathibitisha hoja ya hapo juu: lugha fasaha haikuongeza haja mpya ndani ya mashine. Ilitaka ushindi, ikasema kila kilichofaa kwa ushindi. Mchawi wa mwaka 1994 aliyevunja mkataba kwa sentensi mbili kavu alikuwa na hatari ndogo kuliko atakayeuvunja baada ya kurasa kumi za maneno matamu, maana huyu wa pili ataaminiwa.

Walimu watakaopenda kulipima jambo hili darasani hawahitaji kompyuta. Wanafunzi wakae wawili wawili, kila mmoja na karata mbili, moja ya kushirikiana na moja ya kusaliti, na alama ziandikwe ubaoni kwa mpango wa Axelrod. Mara ya kwanza itangazwe kwamba mikondo ni 20. Mara ya pili mwalimu arushe dado baada ya kila mkondo, na pambano liishe itakapotokea 6. Mara ya tatu itangazwe kwamba wa kwanza peke yake atahesabiwa, na wengine wote wataandikiwa sifuri hata wakipata alama nyingi namna gani. Karata za usaliti zihesabiwe kila mara, na wanafunzi wenyewe waulizwe walianza kusaliti lini na kwa nini.

Wenye kompyuta shuleni, hata iliyochakaa, waweza kwenda mbele zaidi kwa kutumia Battle for Wesnoth, mchezo wa kinjozi ulioanzishwa na David White mwaka 2003, ambao hutolewa bure pamoja na maandishi yote ya programu yake. Mpinzani wake wa kompyuta hazungumzi. Tabia yake huongozwa na namba ambazo mwanafunzi aweza kuzibadilisha kwa mkono, mojawapo ikiwa ya ushari na nyingine ya tahadhari. Namba ya kushika ahadi haimo. Kundi la wanafunzi wanne au watano lingeweza kujaribu kuiongeza katika muhula mmoja, na kazi yao ya wiki ya kwanza isingekuwa kuandika programu, bali kukaa na karatasi na kuamua jeshi la maiti waliofufuliwa linataka nini hasa, ambacho jirani yake aweza kulipa.